Shetani wa Mpingo Nusura Anivunjie Ndoa

Shosti, hebu niambie: mama mkwe akikwambia utoe shetani ndani ya nyumba, utafanyaje?

Shetani mwenyewe ni kinyago cha mpingo, kimo cha chupa ya soda. Jicho moja, sikio kama sinia, tumbo limegeuka mdomo. Mume wangu alininunulia Mtaa wa Samora enzi za uchumba, siku tuliyotembea Kivukoni mpaka miguu ikauma. Tulicheka mpaka machozi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo ilikuwa pete ya kwanza.

Basi mama akaja kututembelea kutoka Tanga. Kutupa jicho tu kwenye kabati la TV: "Mimi na hilo dudu hatulali nyumba moja!" Nikamgeukia baba watoto anitetee. Wapi! Eti, "Si mti tu huo, utoe."

Mti tu? Jamani, hapo ndipo nilipoumia.

Nilikifunga kwenye kanga, nikakificha. Jioni, tukichambua mchele, nikampa mama stori yake. Kwamba mtindo huu ulianzia hapa hapa Dar miaka ya 1950, kwa mchongaji wa Kimakonde aitwaye Samaki Likankoa. Walichonga wauze, si waabudu. Kwamba George Lilanga, aliyeanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, alichora mashetani yenye masikio makubwa yanayocheza na kupiga soga, akajulikana mpaka Ulaya na Marekani kabla ya kufariki 2005.

Na Wazungu je? Mnamo 1480 hivi, watu wa Roma walishuka kwenye jumba la Nero lililofukiwa, wakakuta kuta zimechorwa viumbe nusu mtu, nusu majani. Mafundi wakavichora kwenye bamba za shaba, wakavichapa karatasini, vikasambaa Ulaya nzima. Hata Vatican, kwa Papa mwenyewe, Raphael na vijana wake walivipamba ukutani!

Mama akakaa kimya. Kisha: "Hebu kilete." Akakigeuzageuza. "Sikio hili! Kama la yule jirani yangu mmbea." Akaangua kicheko, nami nikamfuata. Kinyago kikarudi kabatini.

Usiku nikamwambia baba watoto: ukinipa kitu kwa mapenzi, usikikane mbele ya mama yako. Akaomba radhi.

Mama tulimalizana naye kwa kicheko, shosti. Kimya cha mume ndicho kilichotaka mazungumzo.