Fundi wa mashine aliyependa mulima na ziwa

Ndugu wachimbaji, mama zetu na watoto, leo naacha kidogo mambo ya mishahara. Nataka tukumbuke mutu mumoja wa mashine.

Mujomba wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye meli, hapa bandari ya Kalundu. Siku ya kazi alishinda chini kabisa, ndani ya joto na harufu ya mazuti, sawa vile sisi ndani ya shimo. Kwa hiyo siku ya mapumziko hakukaa nyumbani. Asubuhi mapema alipanda milima ya Mitumba juu ya Uvira, ama alichukua mutumbwi kwenda kuvua mikeke. Alisema mutu ambaye kazi inamunyima mwangaza, lazima aende kuutafuta yeye mwenyewe.

Mwisho wa 1996 vita vilitukimbiza mpaka Tanzania. Mwaka 1997 HCR ikaturudisha kwa meli Liemba. Nilikuwa na miaka 14. Kwa miezi 5 ile meli ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75 000. Sisi watoto tulikaa juu ya mizigo, tunachungulia kama milima yetu inatokea. Mujomba yeye alikaa karibu na mulango wa mashine, anasikiliza. Ndipo akanieleza habari ya ile meli.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Jina lake la kwanza ni Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha karibu 5 000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni kwenda Kigoma. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja kuiunganisha. Mizigo na kazi nzito vilikuwa mikononi mwa Waafrika. Majina ya wale watatu nimeyasoma baadaye vitabuni. Ya wale waliobeba, sijaona hata moja. Sisi watu wa sendika tunaijua ile hesabu.

Februari 1915 meli iliingia majini. Julai 1916 vita vikawageukia Wajerumani, amri ikatoka: izamishwe, adui asiipate. Mafundi hawakuvunja mashine. Walizipakaa grisi nene, kisha meli ikazamishwa polepole karibu na mahali mto Malagarasi unaingia ziwani. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua. Karibu miaka 8 ndani ya maji, na mashine pamoja na matangi ya mvuke vilikuwa bado vinafaa! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mashine za mazuti ziliwekwa tu miaka ya 1970.

Mujomba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Walitii amri, lakini hawakuua kazi yao."

Miaka ikapita, na mimi nikaingia shimoni. Mwaka mumoja motopompi yetu ilianza kulia. Tuliomba grisi, tukaambiwa tungoje mwezi unaokuja. Usiku mvua ikanyesha, pompi ikafa, maji yakapanda. Tulitoka wote, lakini mwenzetu mumoja alianguka kwenye ngazi, mpaka leo anachechemea. Kwa sababu ya kopo moja ya grisi! Ile usiku nilimukumbuka mujomba, na tangu pale ndipo nilianza kusema kwa sauti mbele ya wakubwa.

Mujomba amekwisha kufa. Tulimuzika mahali pa juu, ziwa lote linaonekana.

Basi ndugu, kabla ya kushuka shimoni, uliza pompi ilipakwa grisi lini. Kama hakuna mwenye kujibu, usishuke peke yako kuuliza, mwite delege, muulize pamoja. Na siku ya Mungu, toka na watoto, muende muone ziwa. Maisha si shimo tu.