Baridi ya Mgeta haitaki ubishi

Msimu wa kipupwe ukiingia, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa mjini hupenda kwenda milimani kutembea. Mvua za masika zimekwisha, njia zimekauka, na Mgeta iko karibu: unatoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, unapita Mzumbe, kisha unapanda Langali, Nyandira hadi Tchenzema. Huko utaona kabichi, karoti na njegere zimepangwa kwenye miteremko, na ukiinua macho utaona msitu wa Uluguru. Leo nataka tuzungumzie namna ya kuingia humo na kutoka salama.

Nazungumza kama mtu aliyekosea. Julai moja mimi na mwenzangu tulipanda kutoka Tchenzema kuelekea uwanda wa Lukwangule. Tulianza safari saa 4 asubuhi, kwa kuwa tulikunywa chai taratibu. Tulivaa fulana za pamba, na kijana aliyetaka kutuongoza tulimwambia njia tunaiona. Saa 8 mchana ukungu ulishuka, nisiweze kumwona mwenzangu aliyekuwa hatua kumi mbele yangu. Tulipogeuka kurudi tulikutana na mzee na mjukuu wake, wakivuka kutoka upande wa pili wa mlima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwenda wapi, wanangu?"

"Tunarudi Tchenzema."

"Tchenzema mmeipa kisogo," akajibu, wala hakucheka. Tukamfuata. Tulifika kijijini gizani, meno yakigongana.

Tuchambue basi makosa hayo. Kwanza ni baridi yenyewe. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Lukwangule inapita mita 2,400. Kwa hiyo huku juu ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi 10 au zaidi, hata kabla upepo haujavuma.

Pili ni maji. Upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa na unyevu, unagonga mlima na kupanda, na ukipanda unapoa na kuwa ukungu. Aghalabu asubuhi ni kweupe, mchana kumefunga. Nguo ya pamba ikilowa haikauki, na maji hupoteza joto la mwili kwa haraka zaidi kuliko hewa kavu. Mtu huanza kutetemeka, vidole vinashindwa kufunga kamba, kisha ulimi unakuwa mzito na usingizi unamjia. Hapo ni hatari. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mkinge na upepo, mpe chai yenye sukari kama bado anaweza kumeza vizuri. Pombe kali usimpe: humfanya ajisikie joto huku ikilitoa joto hilo nje kupitia ngozi.

Tatu ni saa. Kwetu jua la Julai huzama kabla ya saa 12 na nusu, na giza halichelewi. Anza saa 12 asubuhi, na ikifika saa 6 mchana geuka, hata kama kilele unakiona. Kilele hakihami.

Nne ni njia. Vijia vya Uluguru havikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni barabara za wenyeji, za kwenda sokoni, shambani na kwa ndugu waliooa upande wa pili. Vinagawanyika mara kwa mara, na vingine huishia shambani kwa mtu. Wengi husema ukipotea fuata mto, utafika kwa watu. Mgeta usithubutu! Mito hapa hushuka kwa maporomoko, kama yale ya Hululu, na mawe yake yanateleza. Ukipotea, simama, rudi hadi pale ulipokuwa na hakika, piga filimbi.

La mwisho ni heshima. Mwaka 2008 misitu hii ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na kibali cha kuingia hutolewa na wahifadhi. Wako wanaokwepa ada hiyo na ujira wa mwongozaji, wakidhani wamepata faida. Lakini mto Mgeta huzaliwa hapa, ukaenda kuungana na Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo za Dar es Salaam. Anayelima pembezoni mwa msitu anaombwa kila mwaka asiuguse, ili mtu wa mjini apate maji. Iwapo huyo huyo wa mjini akija anamnyima kijana wa kijijini ujira wa siku moja, tumwambie nini kuhusu kulinda miti?

Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Ni kweli, lakini kwa yule tu aliyerudi kusimulia. Mimi nilirudi kwa sababu mzee yule alipita. Safari nyingine nilimtafuta yule kijana tuliyemkataa, nikamlipa kabla hatujaanza kupanda.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.