Zana za Bure za Mtandao na Ufundishaji wa Lugha Visiwani Mwetu

Hapana shaka kwamba katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba lugha si somo la darasani tu, bali pia ni mlango wa riziki. Mtoto wa hapa huzaliwa na Kiswahili kinywani, hukutana na Kiarabu chuoni akingali mdogo, husomeshwa Kiingereza skuli, na akikua akataka kazi ya kutembeza wageni hana budi kujitafutia Kitaliana, Kifaransa au Kijerumani. Ni watu wachache duniani wanaotakiwa kubeba mzigo wa lugha nyingi kiasi hicho, na ni wachache zaidi wanaotakiwa kuubeba wakiwa na vitabu haba na madarasa yaliyojaa.

Katika miaka hii imejitokeza fursa ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Kupitia mtandao wa intaneti zinapatikana zana nyingi za kufundishia lugha ambazo mtumiaji hatozwi chochote ili kuzipata. Safu hii inapenda kulitazama jambo hilo leo, kwa faida ya wananchi na ya viongozi wenye dhamana ya elimu. Tunauliza: zana hizi zinaweza kumfaa vipi mwanafunzi wa Micheweni au wa Makunduchi, na ni hadhari gani tuichukue kabla ya kuzikumbatia?

Kwanza tukumbushane kwamba visiwa hivi havikuanza jana kutumia vyombo vya kisasa. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi wakati nchi nyingi kubwa za Afrika zilikuwa hazijaipata. Wapo wazee wetu walionolewa masikio ya Kiingereza na redio, kwa kusikiliza matangazo ya nje usiku. Upungufu wa redio ni mmoja: yenyewe husema, lakini haimsikii mwanafunzi. Zana za leo zinamruhusu mwanafunzi ajibu, arekodi sauti yake, akosee na arudie. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo inayoipa habari hii uzito.

Uzito wenyewe unaonekana vizuri tukiangalia mambo yalivyo maskulini. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Wako waliounga mkono na wako waliopinga, nasi leo hatukusudii kufufua mabishano hayo. Tunalosema ni kwamba katika sekondari masomo mengi hutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto anayejua vizuri kugawa na kuzidisha lakini hajui maneno ya Kiingereza ya vitendo hivyo ataandikiwa kuwa hajui hesabu. Hasara ya namna hii hailetwi na uvivu wala upungufu wa akili. Huletwa na uchache wa maneno, na uchache wa maneno ni ugonjwa wenye dawa.

Dawa hiyo si ngeni. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka na kusahau. Aligundua kwamba mtu husahau kwa kasi kubwa katika saa za mwanzo baada ya kujifunza, kisha kasi hiyo hupungua. Aligundua pia kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda marudio yaliyorundikwa kwa mara moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliyageuza maarifa hayo kuwa sanduku la kadi. Neno huandikwa upande mmoja wa kadi na maana yake upande wa pili. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza cha sanduku na hurudiwa kila siku. Mwanafunzi akijibu sawa, kadi huhamia chumba kinachofuata ambacho hurudiwa kwa nadra zaidi. Akikosea, kadi hurudi chumba cha kwanza. Kwa njia hiyo nguvu ya mwanafunzi huelekezwa kwenye maneno yanayomshinda, wala haipotei kwa maneno anayoyajua.

Programu iitwayo Anki, iliyoanza kupatikana mwaka 2006, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kutumia kompyuta. Inapatikana bila malipo kwa kompyuta na kwa simu za Android, na kadi zikishaingizwa haihitaji mtandao ili ifanye kazi. Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme walimu 10 wa wilaya moja wamekubaliana kukusanya maneno 300 ya hisabati na sayansi ya darasa la 5. Kila mmoja ataandika kadi 30 tu, kazi ya jioni mbili au tatu. Mwanafunzi akijifunza maneno mapya 5 kila siku ya skuli, atayapitia yote kwa siku 60 za masomo, huku yale ya nyuma yakirudiwa kwa zamu. Na mahali pasipo na kompyuta, sanduku la viatu lililogawanywa kwa makaratasi magumu litatosha. Tunalisisitiza hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba bila ya mashine hakuna maendeleo. Njia ndiyo inayofundisha, na mashine huirahisisha tu.

Zana ya pili tunayopenda kuitaja ni ya kurekodi sauti. Programu ya Audacity, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2000, humwezesha mwalimu kurekodi usomaji wake, kuukata vipande, kuupunguza kasi na kuurudia. Mwalimu wa Kiarabu anaweza kuwasikilizisha wanafunzi herufi zinazowatatiza, kisha kila mmoja akairekodi sauti yake na kuilinganisha. Mwalimu wa Kifaransa katika chuo cha utalii anaweza kufanya hivyo hivyo. Zipo pia zana za kuhifadhi maarifa bila ya mtandao. Kiwix humwezesha mtu kuibeba Wikipedia nzima ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ndani ya kifaa kidogo cha kuhifadhia na kuisoma mahali ambapo simu haishiki mnara. Moodle, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, huiwezesha skuli au chuo kupanga masomo na mazoezi yake kwenye mashine yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye neno “bure”, kwani hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wahenga walisema rahisi ghali. Zana za bure ziko za namna mbili, na anayezichanganya atakuja kujuta. Namna ya kwanza ni zile ambazo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzirekebisha, kuzigawa na kubaki nazo daima. Audacity, Moodle, Kiwix na Anki ya kompyuta ni za namna hiyo. Namna ya pili ni zile ambazo mwenye mali amefungua mlango wake tuingie, na ufunguo amebaki nao mwenyewe. Leo hutoza kwa matangazo ya biashara au kwa kukusanya habari za watumiaji, na kesho anaweza kuufunga mlango kabisa.

Haya si maneno ya kutisha watu. Livemocha, iliyowakutanisha wanaojifunza lugha wa nchi mbalimbali, ilifungwa mwaka 2016. Wikispaces, iliyokuwa ikitumiwa na walimu wengi duniani kuandika masomo yao, iliwafungia walimu mwaka 2018, na asiyehamisha kazi zake kwa wakati alizikosa. Skype, ambayo kwa miaka mingi walimu wa lugha waliitumia kufundisha wanafunzi wa mbali, ilifungwa mwezi Mei 2025. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwalimu anayejenga kazi ya miaka 5 kwenye nyumba ya mtu mwingine na awe na nakala yake mkononi.

Gharama nyingine haimo ndani ya programu. Kifurushi cha intaneti hununuliwa, simu hununuliwa, na umeme hulipiwa, pale unapokuwepo. Wananchi wa Unguja hawajasahau kiza cha mwaka 2008 kilichodumu kiasi cha mwezi mzima, wala kile cha kuanzia Desemba 2009 kilichoendelea kwa kiasi cha miezi 3, baada ya njia ya umeme kutoka Bara kuharibika. Mambo yamekuwa bora tangu kulazwa waya mpya wa baharini mwaka 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Hata hivyo, mpango wowote wa kufundishia visiwani usiofikiria siku isiyo na umeme wala mtandao ni mpango wa mtu asiyeishi visiwani.

Liko pia suala la lugha yetu wenyewe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imekuwa ikiwapokea wageni wanaotaka kujifunza lugha hii hapa kwenye chemchemi yake. Sasa mgeni huweza kuanza akiwa kwao. Google iliingiza Kiswahili katika tafsiri yake ya mashine mwaka 2009, na Duolingo ilianzisha somo la Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza mwaka 2017. Tunafurahi kuona lugha yetu ikitafutwa. Lakini inafaa tujiulize ni nani anayewasomesha wageni hao, na anawasomesha Kiswahili gani.

Mashine haijui ami ni nani na mjomba ni nani, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili, na ikitafsiri hulazimika kubahatisha. Tukisema “amefika” hatukutaja mume wala mke, lakini mashine inayopeleka maneno hayo kwenye Kiingereza hulazimika kuchagua, na mara nyingi huchagua mume. Zaidi ya hayo, mashine haimuoni aliyesimama mbele ya mwanafunzi. Mgeni aliyejifunza kwa simu peke yake humsalimu mzee wa makamo kwa “mambo” kama anavyomsalimu kijana mwenzake, asijue kwamba amekosea adabu. Shikamoo hufundishwa na mtu kwa mtu. Hiyo ndiyo sababu tunasema kwamba zana hizi ni za kumsaidia mwalimu na haziwezi kukaa mahali pake.

Malalamiko pekee hayatatufaa. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, huwaalika watu wa kawaida wasome sentensi kwa sauti zao wenyewe na kusahihisha za wenzao, na sauti hizo huwa ni mali ya kutumiwa na yeyote. Kiswahili kimo. Mashine za kesho zitaelewa lafudhi za watu waliojitokeza kusoma, na zitashindwa na za watu waliokaa kimya. Itakuwa aibu iwapo chombo cha Kiswahili kitamuelewa kila mtu isipokuwa mvuvi wa Kojani. Baraza la Kiswahili Zanzibar limefanya kazi ya kupongezwa kwa kuchapisha makamusi ya lahaja zetu, zikiwemo Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Kilichobaki ni sauti. Wazee wanaozisema lahaja hizo kwa ufasaha wanazidi kupungua, na simu iliyomo mfukoni mwa mjukuu inatosha kuwarekodi, kwa ridhaa yao, kabla hatujachelewa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache kwa wahusika. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ichague zana chache za ile namna ya kwanza, izijaribu, na iweke nakala zake katika vituo vya walimu vya Unguja na Pemba, ili mwalimu azichukue kwa kifaa cha kuhifadhia bila ya kununua kifurushi. Fedha za mafunzo zitengwe pamoja na fedha za vifaa, kwani kompyuta isiyo na mwalimu aliyefunzwa huishia kuwa pambo la ofisi ya mwalimu mkuu. Kazi za kadi na sauti zinazotengenezwa na walimu zikusanywe, zihakikiwe na zigawiwe kwa wote. Chuo Kikuu na Baraza la Kiswahili washirikiane kurekodi lahaja. Wenye mahoteli, ambao ndio wanaofaidika na kijana anayejua Kitaliana, wachangie vyumba vya kusikilizia lugha katika vijiji vilivyowazunguka.

Wazazi nao wana sehemu yao. Simu iliyomo nyumbani ikitumika nusu saa kila usiku kwa kusikiliza na kurudia maneno, mzazi akiwa karibu, itamfaa mtoto kuliko saa 3 za kutazama vichekesho peke yake. Na mzazi asiyejua Kiingereza asione haya kushika kadi na kumuuliza mwanawe, kwani jibu limeandikwa nyuma.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana. Hatuwezi kumnunulia kila mmoja wao mwalimu wa kila lugha anayoihitaji. Tunachoweza ni kumpa mwalimu aliyepo zana nzuri ambazo hakuna atakayemnyang'anya, na kumpa muda wa kuzizoea. Hilo liko ndani ya uwezo wetu, na mwaka mpya wa masomo ndio wakati mwafaka wa kulianza.