Wiki ya kupinga dawa za kulevya shule za msingi: picha za mateja zinasaidia kweli?

Leo tuache kidogo Simba na Yanga, tuongelee madogo wa shule za msingi huku kwetu Pwani, Kibaha mpaka Kisarawe.

Kila ikikaribia Juni 26, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kupinga dawa za kulevya, shule zinaanza kupata wageni. Wanafunzi wanapangwa mstarini juani, mgeni anahutubia, picha za mateja waliokondeana zinapitishwa, ngonjera inasomwa, basi, mpaka mwakani. Mimi nimesoma msingi Kibaha na mistari hiyo nimesimama sana. Tulikuwa tunacheka tu. Teja wa sindano kwetu alikuwa mtu wa Dar huko. Wakati huohuo jamaa niliyekaa naye dawati moja alikuwa keshaanza kunusa gundi na kuvuta sigara alizokuwa anapewa na makaka wa kijiweni. Hakuna mgeni aliyewahi kutaja gundi.

Hapo ndipo penye shughuli. Mtoto wa darasa la nne haanzi na unga. Anaanza na kilicho karibu: sigara, ugoro, gundi ya viatu, pombe (viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe kali ya bei ndogo haijaisha madukani), halafu bangi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshaonya pia kuhusu biskuti zinazochanganywa na bangi. Biskuti jamani! Na anayempa mara nyingi siyo jambazi, ni mshkaji wake.

Marekani waliliona hili zamani. Mwaka 1983 pale Los Angeles walianzisha mpango wa DARE, polisi wanaingia darasani kuwafundisha watoto. Ukasambaa nchi nzima. Watafiti walipoupima miaka ya 1990 wakakuta waliosoma na wasiosoma hawapishani sana kwenye kutumia dawa. Wakaja kubadilisha mtaala.

Mwongozo wa UNODC na WHO, toleo la 2018, unasema wazi: kutoa taarifa tu, hasa za kutisha, hakuzuii kitu, na hata kumleta mtu aliyewahi kutumia aje kutoa ushuhuda siyo njia ya kutegemea. Kinachosaidia ni vipindi vya mfululizo, kawaida 10 hadi 15, kimoja kwa wiki, mwalimu akiwa amefunzwa na watoto wenyewe wakifanya mazoezi. Yaani dogo anaigiza: rafiki yangu ananipa, wenzangu wanaangalia, nakataaje bila kuonekana mshamba? Hilo ndilo swali lenyewe. Ukishindwa kumjibu, picha zako hazina kazi.

Najua mtasema walimu wamezidiwa, darasa moja watoto kibao. Kweli. Ila igizo la dakika 20 halitaki projekta wala posho ya mgeni.

Na watoto wapewe namba ya kushika kichwani: 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Maana mwingine anayemtuma kununua hivyo vitu ni mjomba wake nyumbani, sasa atamwambia nani?

Wadau wa Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe mjini mpaka Mzenga, shuleni kwa wadogo zenu wanafundishaje? Tupieni maoni hapo chini, matusi sitaki.