Samaki Bwawani: Msaidizi wa Afya, Si Mbadala wa Tiba

Mkulima wa Uwanda wa Ufipa anapochimba bwawa la samaki kando ya shamba lake la mahindi na maharage, nia yake ni kitoweo na kipato. Hata hivyo, maji yaliyotuama hukaribisha pia wageni wasioalikwa: viluwiluwi vya mbu na konokono wa majini. Wa kwanza hukua na kuwa mbu waenezao malaria. Wa pili hubeba vimelea vya kichocho. Swali la kitabibu ni hili: je, samaki wenyewe wanaweza kuwadhibiti?

Kuhusu viluwiluwi, jibu linatia moyo. Katika nyanda za juu za Kisii, magharibi mwa Kenya, watafiti waliweka perege katika mabwawa yaliyokuwa yametelekezwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria katika mabwawa hayo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Bwawa lenye samaki na bwawa lililoachwa tupu, basi, ni vitu viwili tofauti kabisa kwa afya ya jirani.

Lakini kupungua kwa viluwiluwi bwawani si sawa na kupungua kwa wagonjwa kijijini. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na taasisi ya Cochrane hayakupata ushahidi wa kuaminika kwamba samaki peke yao hupunguza idadi ya wanaougua malaria. Sababu ni rahisi kuielewa: mbu huzaliana pia katika nyayo za ng'ombe, mitaro na mashimo ya udongo wa matofali, mahali ambapo samaki hafiki.

Kuhusu konokono, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa perege hula hasa mwani na vijidudu laini. Kazi ya kuvunja gamba la konokono huhitaji samaki wenye meno imara kooni. Katika Ziwa Malawi wapo samaki wa aina hiyo, na walipovuliwa kupita kiasi, konokono waliongezeka ufukweni na kichocho kikaongezeka pia. Funzo lake kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ni kwamba uvuvi haramu hugusa hata afya ya mtoto anayeoga ufukweni.

Wapo wanaoshawishika kuleta mla-konokono kutoka mbali. Kamba wa maji baridi mwenye asili ya Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970. Ni kweli kwamba hula konokono, lakini aliharibu pia mimea ya majini ya ziwa hilo. Kiumbe mgeni asiwekwe bwawani bila ushauri wa afisa uvuvi.

Mfugaji wa samaki afanye nini? Afyeke nyasi za kingoni na kuondoa magugu ya majini, kwa kuwa ndiyo maficho ya viluwiluwi na malisho ya konokono. Afukie vidimbwi vinavyojitenga na bwawa. Asimwage dawa ya shambani majini, kwani huua samaki na kudhuru walaji. Bwawa asilolihitaji alikaushe au alifukie. Choo kitumike daima, maana mayai ya kichocho hufika majini kwa mkojo na kinyesi cha binadamu, na bila mayai hayo konokono hana cha kueneza. Anayeingia bwawani avae mabuti ya mpira.

Kwa mhudumu wa zahanati, samaki hawabadilishi utaratibu. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria ndani ya mbu. Lakini watu hushuka Kasanga, Kipili na bonde la Rukwa kwenye joto, kisha hurudi. Mwenye homa aulizwe alikotoka na apimwe siku hiyohiyo. Mtoto anayekojoa damu, au mwenye maumivu ya tumbo na damu kwenye choo, aulizwe kuhusu maji anayoogelea. Mwanamke mwenye vidonda ukeni au kutokwa damu baada ya kujamiiana asidhaniwe moja kwa moja kuwa na ugonjwa wa zinaa. Kichocho huathiri pia via vya uzazi.

Mgonjwa naye ajue kwamba prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri minyoo michanga wala haizuii maambukizi mapya. Akirudi katika maji yaleyale, ataugua tena. Chandarua, choo, kipimo na dawa vinabaki kuwa ngao ya kwanza. Perege wa bwawani ni msaidizi mwema anayestahili kutunzwa, na mwisho wa yote, kuliwa.