Panya Aliyezimwa Jeni Moja

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, wataalamu Qun-Yong Zhou na Richard Palmiter walitangaza habari za panya wa ajabu. Panya hao walizaliwa wazima na kunyonya kama wenzao, lakini baada ya wiki chache wakaanza kuzubaa. Walikaa palepale walipowekwa. Hawakutafuta chakula wala maji, na mwishowe wakafa. Hawakuwa na jeraha wala maradhi ya kuambukiza. Ubongo wao haukuweza kutengeneza dopamini, kwa kuwa jeni ihusikayo na kazi hiyo ilikuwa imezimwa na mkono wa binadamu.

Jeni, ndugu msomaji, ni agizo la urithi lililomo ndani ya chembe za mwili, nalo aghalabu huamuru protini fulani itengenezwe. Njia ya kulizima agizo moja na kuyaacha mengine yote ilipatikana kwa juhudi za Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Panya wa kwanza wa aina hii walipatikana mwaka 1989. Wataalamu huchukua chembe za mimba changa ya panya na kuzitia jeni iliyoharibiwa, ili ishike nafasi ya ile nzima. Chembe hizo hupandikizwa katika mimba nyingine, nayo huwekwa tumboni mwa panya jike. Watoto huzaliwa na manyoya ya rangi mbili, ishara kwamba miili yao ni mchanganyiko. Hao wakizalishana vizazi kadhaa, hupatikana panya aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama.

Kisha hupimwa. Panya huwekwa juu ya mti mwembamba unaozunguka kwa kasi inayozidi, na sekunde zake huhesabiwa hadi aanguke. Wengine huachwa katika sanduku tupu, na miali ya mwanga ikahesabu kila wapitapo.

Turudi kwa wale wa Seattle. Walipodungwa levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka, wakatembea, wakala. Wakipewa kila siku waliendelea kuishi. Dawa hiyo ndiyo wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ambao miili yao hukakamaa na hatua zao huwa nzito. Yeyote aliyepata kumwita mgonjwa wa namna hiyo mvivu na afikiri tena.

Mwaka 1996 yalionekana mambo ya kinyume. Bruno Giros, Marc Caron na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Duke, walizima jeni ya protini inayoirudisha dopamini ghalani baada ya kazi. Dopamini ikabaki nje muda mrefu mno, na panya wakawa hawatulii. Hata kokeini haikuwazidishia mbio. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba dawa za kuchangamsha, zile wanazopewa watoto wasiotulia, ziliwatuliza.

Hadi hapo mambo yanaeleweka. Matata huanza tunapotoka kwenye mwendo na kuingia kwenye tabia. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba panya waliokosa kipokezi kimoja cha serotonini humshambulia mgeni upesi na kwa ukali zaidi kuliko kawaida. Habari kama hiyo haichelewi kugeuzwa mitaani kuwa “jeni ya ukali”, na kesho mtu atataka kuwachagua vijana kwa damu yao. Sisi askari tuliozoea kufungua bunduki vipande vipande twajua kwamba ukitoa kipande kimoja, bunduki hugoma. Lakini hakuna mwenye akili asemaye kwamba shabaha ilikuwa imekaa ndani ya kipande hicho.

John Crabbe na wenzake walilitia jambo hili katika mizani mwaka 1999. Walichukua panya wa koo zilezile, wakiwemo hao waliokosa kipokezi cha serotonini, wakawapima katika maabara tatu: Portland na Albany nchini Marekani, na Edmonton nchini Kanada. Umri ulilinganishwa, vyombo vikafanana, hata saa za taa zikawa sawa. Tofauti kubwa za ukoo na ukoo zilijitokeza kila mahali, lakini athari ndogondogo, zikiwemo za jeni iliyozimwa, zilibadilika kutoka maabara moja hadi nyingine. Panya wa Edmonton, kwa wastani, walikimbiakimbia zaidi kuliko wa miji ile miwili. Katika maabara hiyo mpimaji mmoja alikuwa akidhuriwa sana na panya, hivyo akafanya kazi yote akiwa amevaa barakoa ya kupumulia.