Kahawia Ikae Chini, Mwanga Ukae Juu

Nikiitwa kupaka sebule hapa Nyeri, kwanza huuliza dirisha limeelekea wapi. Mji wetu uko kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na kuanzia Juni hadi Agosti wingu huweza kutanda mchana kutwa. Katika msimu huo kahawia hukipa chumba joto, au hukitia giza. Mimi ni fundi wa rangi na hii ndiyo rangi niipendayo kuliko zote, kwa hiyo huwasihi wateja wangu: kahawia ikae chini, mwanga ukae juu.

Waliotutangulia walilijua hilo. Ingia duka la zamani Karatina au darasa kule Othaya, uone ukuta uliopakwa kahawia ya mafuta chini na krimu juu. Udongo wetu ni mwekundu, na mvua za Machi hadi Mei huuingiza ndani kwa viatu na viganja vya watoto. Rangi ya mafuta hupanguswa kwa kitambaa na maji ya sabuni, ukuta ukabaki safi. Sebuleni mpaka wa rangi hizo mbili nauweka usawa wa mgongo wa kochi, kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Ila plasta mpya iachwe ikauke kabisa. Ukiiwahi, unyevu hufungiwa ndani na rangi huvimba, kisha ikabanduka.

Kahawia nazo hazifanani. Huchanganywa kwa nyekundu, manjano na nyeusi kidogo. Ile yenye wekundu huchangamsha chumba. Iliyoelemea kijivu huzidisha baridi ya Julai. Nanyuki, ambako ni kukavu na jua ni jingi, huthubutu kupaka ukuta mzima kahawia nzito. Nyeri sithubutu.

Kabla hujanunua debe zima, paka kipande kidogo cha ukuta, ukitazame asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka. Balbu nayo ina neno. Soma paketi yake: kelvini 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano unaoamsha kahawia, kelvini 6,500 ni mweupe wa kibuluu, na chini ya mwanga huo mweupe kahawia hufifia kama jivu.

Hata hivyo, kahawia bora haitoki mkebeni. Iko kwenye mbao. Mgrivea, ambao wengi tunauita mukima na hupandwa mashambani kukinga kahawa na chai, hutoa ubao mzuri wa rafu na meza. Na kama shosho amekuachia kabati la Meru oak, nakuomba usilipake rangi. Ni mti wa miteremko ya Mlima Kenya, huchukua miongo kukomaa, na umepungua sana msituni. Lipige msasa taratibu kufuata nyuzi za mbao, futa vumbi, kisha paka vanishi isiyo na rangi, nyembamba, mara mbili. Weka kando yake kiondo cha mkonge, na juu ya kochi vitambaa vyeupe vya kufuma. Kahawia huhitaji weupe jirani ili ionekane.

Mwenye pesa kidogo aanze na balbu, afuatie kabati, ukuta ungoje. Hayo mawili huweza kubadilisha sebule hata kabla brashi haijagusa ukuta.